Printa ya jikoni inunuliwe kabla ya skrini

MWENYE mgahawa anayeingia katika maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kutafuta mashine ya mauzo, aghalabu huonyeshwa kwanza skrini. Huelezwa jinsi inavyoguswa kwa kidole na jinsi ripoti ya mauzo inavyotoka kila jioni. Kisha hutajiwa bei ya seti nzima: skrini, droo ya fedha na printa 1 ya stakabadhi ya kukaa kaunta. Jikoni hakuna kitu. Mhudumu ataendelea kusimama dirishani na kupaza sauti: "Wali samaki mbili, chipsi kuku moja!"

Hapo ndipo fedha inapoanza kuvuja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mgahawa, daftari la kwanza ni kile kikaratasi cha oda kinachomfikia mpishi. Skrini huhesabu kile kilichoingizwa humo tu. Haina habari ya sahani iliyotoka jikoni kwa maneno ya mdomo. Samaki watapungua kwenye friji, na ripoti ya jioni itaendelea kuonekana safi. Ikiwa sahani 3 tu za sh. 12,000 zitatoka kila siku bila kuandikwa, kwa siku 30 mauzo ya sh. 1,080,000 hayataingia kwenye droo, ilhali samaki, mafuta na mkaa vimekwisha kulipiwa.

Kwa sababu hiyo, printa ya jikoni ndiyo inayostahili kutengewa fedha kwanza, na pamoja nayo iwekwe amri moja: bila karatasi, hakuna kupika. Hata hivyo, amri hiyo haitadumu hata wiki ikiwa printa yenyewe ni ya kusuasua. Mpishi mwenye wateja 40 wanaosubiri hawezi kuingoja mashine iliyonyamaza. Atarudi kwenye sauti za dirishani, na mradi wote utakuwa umekufa.

Sokoni kuna printa za aina mbili. Ya kwanza huchapa kwa joto. Haitumii wino; karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto la kichwa cha printa. Ni ya haraka na haina kelele, hivyo inafaa sana kaunta. Tatizo lake jikoni ni kwamba karatasi hiyo haitofautishi joto la printa na joto la jiko. Ikibandikwa karibu na kikaango huanza kuwa nyeusi, na mafuta hufifisha maandishi.

Aina ya pili ni ya utepe, ambayo hugonga herufi kwa pini kwenye karatasi ya kawaida. Epson TM-U220, inayotumia karatasi yenye upana wa milimita 76, ni mfano unaofahamika. Ni ya taratibu na ina makelele, lakini jikoni makelele hayo ni faida, kwani mpishi aliyegeukia jiko husikia kwamba oda imefika. Ikiwekewa utepe wa rangi mbili, maneno kama "bila pilipili" yanaweza kutoka kwa rangi nyekundu.

Wapo wauzaji wanaodai kwamba ni nafuu kutumia printa za joto kila mahali ili karatasi ya kununua iwe ya aina moja. Hoja hiyo ina uzito kwa duka la juisi na vitafunwa. Kwa jiko la kukaanga na kuchoma, nafuu hiyo italipiwa kwa oda zisizosomeka.

Ununuzi sahihi ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni ufungaji. Inafaa printa ya jikoni iunganishwe kwa waya wa mtandao, si kwa mawimbi ya hewani yanayopita kuta na majokofu. Aidha, fundi hana budi kuipa anwani ya kudumu kwenye mtandao. Asipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kuigawia anwani nyingine. Skrini itaendelea kutuma oda kwenye anwani ya zamani, na jikoni hapatatoka kitu. Mafundi huitwa, mashine hulaumiwa, kumbe kosa lilifanyika siku ya kwanza.

Kosa jingine hufichika zaidi. Kila chakula kwenye mfumo hupangiwa printa yake: vinywaji kaunta, wali jikoni, nyama choma kwa mchomaji. Mwenye mgahawa akiongeza pweza kwenye orodha ya vyakula na kusahau kumpangia printa, katika mifumo mingi mauzo yatahesabiwa kama kawaida lakini oda haitachapwa popote. Mteja atasubiri nusu saa, na mhudumu ndiye atakayetukanwa.

Ni muhimu pia karatasi zinazotoka zisichanganywe. Ya jikoni haihitaji bei. Inahitaji namba ya meza, saa, jina la mhudumu na herufi kubwa. Bili huonyesha kiasi anachodaiwa mteja. Stakabadhi ya kodi, inayotokana na mfumo wa mashine za EFD ambao Mamlaka ya Mapato Tanzania iliuanzisha mwaka 2010, ni kitu kingine. Bili iliyopambwa kwa nembo ya mgahawa si stakabadhi hiyo, na mteja anayeondoka nayo akidhani amepewa risiti amedanganywa, hata kama hakuna aliyekusudia. Bili iandikwe wazi kwamba si risiti. Mwenye mgahawa naye akumbuke kwamba maandishi ya karatasi za joto hufifia, wakati kumbukumbu za kodi hutakiwa kuhifadhiwa kwa miaka 5. Stakabadhi za manunuzi yake zitolewe nakala mapema.

Jambo zito kuliko yote, hata hivyo, ni mishahara. Katika migahawa isiyo na karatasi ya jikoni, hesabu ikipungua mhudumu hukatwa. Mpishi husema alipika sahani 6, mhudumu husema alichukua 5, na mwenye mali humwamini anayempenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali ukataji wa namna hiyo. Humtaka mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi cha hasara, na ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga. Mwajiri asiye na karatasi ataandika nini? Printa iliyofungwa vizuri humlinda mwenye mali dhidi ya wizi, na humlinda mhudumu mwaminifu dhidi ya kulipia samaki ambaye hakumwona. Huo ulinzi wa pili hautajwi dukani, ingawa ndio unaoweza kuwafanya wafanyakazi waipokee mashine badala ya kuihujumu.

Ni kweli kwamba gharama huongezeka. Printa ya pili, waya, utepe na betri ya kuhimili umeme unapokatika si vitu vya bure. Mwenye mtaji mdogo anunue skrini ndogo zaidi, au iliyotumika, ili fedha inayobaki iende jikoni. Mteja hali skrini.

Na kabla fundi hajalipwa malipo yake ya mwisho, afanyiwe mtihani mbele ya mpishi. Umeme uzimwe na kuwashwa, kisha oda itumwe. Karatasi iondolewe kwenye printa ya jikoni, oda nyingine itumwe, ionekane kama mfumo unatoa taarifa au unaipeleka kaunta. Kila chakula kwenye orodha kiagizwe mara 1, kikaratasi chake kisomwe. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Ikishindikana hata sehemu moja, fundi arudi kazini na fedha ibaki mfukoni, kwani Jumamosi usiku, meza zikiwa zimejaa, hapatakuwa na nafasi ya kujaribu.