Ndoo Kichwani: Nani Kasema Si Kazi?

Nasikia ati mwandishi hana haja na fizikia. Fizikia ni ya "watu wa sayansi". Sie wa kalamu tuna mapenzi yetu, siasa zetu na machweo yetu ya Forodhani. Neno hili nimelisikia barazani, nimelisikia katika mikutano ya waandishi vijana, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Leo nalijibu, na naomba nisamehewe ukali, kwa sababu hasara ya neno hili haituangukii sisi peke yetu. Inawaangukia watoto walioko darasani.

Hebu pita nje ya skuli yoyote ya sekondari kipindi cha fizikia, usimame dirishani. Utasikia darasa zima linaimba kama liko mchakamchaka: waki izi ikwo tu fosi taimzi distansi! Mngoje mmoja wao akitoka, umuulize: "Mwanangu, kazi ni nini?" Atakuimbia wimbo uleule. Mwambie akueleze kwa maneno yake mwenyewe, ataangalia chini na kucheka kwa haya. Si mjinga. Hana hayo maneno yake mwenyewe, hakuna aliyempa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa miaka kumi na moja, nyumbani Kiswahili, mtaani Kiswahili, chuoni Kiarabu cha kusoma, akawa anaambiwa aijue dunia kwa lugha ambayo bado alikuwa akijifunza kuombea ruhusa ya kwenda chooni.

Wakubwa wakiulizwa wanasema Kiswahili hakina uwezo. Jamani! Tuanze na neno lenyewe: kazi.

Mnajua Wazungu walilipata wapi neno lao? Mwaka 1829 Mfaransa mmoja, Gaspard-Gustave Coriolis, aliandika kitabu juu ya hesabu za mashine. Alitaka jina la kile kinachopatikana ukizidisha kani kwa umbali. Hakwenda kuazima Kilatini. Alichukua neno la Kifaransa la mtaani, lile analolitumia fundi na mchukuzi akisema "nakwenda kazini", akalipa maana ya kipimo. Waingereza nao wakafanya vivyo hivyo kwa neno lao la kila siku. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa karne ya 18, James Watt alipokuwa akiuza mashine zake za mvuke, aliwapimia wateja nguvu zake kwa farasi. Kwa nini? Kwa sababu wenye migodi walikuwa wakitumia farasi kuvuta maji kutoka chini ya ardhi, na walitaka kujua mashine moja itawaondolea farasi wangapi. Kwa hiyo somo hili tunaloliogopa limezaliwa kisimani. Limezaliwa kwa mtu aliyesimama juu ya shimo, ana kamba mkononi.

Basi na tusimame kisimani sisi. Mimi nakaa Mbweni, na huku hakuna aliyesahau Mei 2008. Umeme ulikatika Unguja nzima, ukakaa karibu mwezi. Ukakatika tena Disemba 2009, safari hii ukakaa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Taa ilikuwa tabu ndogo. Tabu kubwa ilikuwa maji, maana mashine za kusukuma maji zilinyamaza na mifereji ikakauka. Visima vilivyosahauliwa vikafunuliwa, kamba zikanunuliwa, na wanawake na watoto wakarudi kuvuta ndoo.

Chukua ndoo ya lita 20. Maji yake ni kilo 20, na dunia inaivuta chini kwa kani ya karibu nyutoni 200. Kisima kina mita 10 mpaka kwenye maji. Kuipandisha ndoo hiyo ni 200 mara 10, yaani jouli 2,000. Hiyo ndiyo kazi, kwa kani na kwa umbali, na hata bibi asiyejua kusoma anaielewa: kisima kikiwa kirefu mara mbili, kazi mara mbili.

Sasa angalia mita ya umeme ukutani kwako. Yuniti moja ni jouli 3,600,000. Gawa kwa 2,000, unapata ndoo 1,800. Yuniti moja tu, ile tunayoila jioni moja kwa friji na televisheni bila hata kuwaza, ingetosha kupandisha ndoo 1,800 kutoka kisima cha mita 10. Birika la umeme la wati 2,000 linakula ndoo moja kila sekunde. Ukichemsha chai kwa dakika tatu, umetumia nishati ya ndoo 180. Kebo ya chini ya bahari iliyozinduliwa mwaka 2013, inayotoka Ras Kiromoni ikatokea Ras Fumba, kusini yetu hapa, ina uwezo wa megawati 100. Hizo ni ndoo 50,000 kila sekunde. Mwambie haya mtoto wa kidato cha pili, kwa Kiswahili, uone kama atasinzia.

Na umeme wenyewe unatoka wapi? Sehemu yake inatoka kwenye maji yanayoporomoka: Kidatu, Mtera, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Maji yanashuka kule, yanazungusha mtambo, na huku Unguja pampu inapandisha maji mengine. Nishati haikuzaliwa na haikufa. Imebadilisha nguo tu, na njiani nyingine imegeuka joto. Kanuni kubwa kabisa ya fizikia nimeiandika kwa sentensi mbili, na sikuazima neno hata moja la Kiingereza.

Nakuja kwenye jambo linaloniudhi khasa. Kuna mfano mmoja unapendwa sana madarasani: mwanamke amebeba ndoo kichwani, anatembea njia ya tambarare. Amefanya kazi gani? Jibu la mtihani: sifuri. Darasa linacheka, mwalimu anaandika sifuri ubaoni, kengele inalia. Wasichana wanakwenda nyumbani, na wengine wao wanaipitia ndoo njiani.

Jibu ni sahihi. Kilichokosekana ni maelezo, na maelezo ndiyo elimu. Kichwa kinaisukuma ndoo kwenda juu, ndoo inasogea kwenda mbele. Kani na mwendo havikuelekea upande mmoja, kwa hiyo ndoo haikuongezewa nishati. Hiyo ni hesabu ya ndoo. Hesabu ya mwanamke ni nyingine. Misuli ya shingo, mgongo na miguu inakaza na kulegea kila hatua, mwili unapanda na kushuka kidogo kila unyayo, na yote hiyo inachoma chakula alichokula. Ule uji wa asubuhi haukupotea, umetoka kama joto na jasho. Fizikia haikumdharau mama yule, ina daftari mbili tu. Aliyemdharau ni yule aliyefungua daftari moja akaificha ya pili, kwa sababu Kiingereza chake, au cha wanafunzi wake, hakikutosha kuifungua.

Najua nitakachojibiwa: mtihani wa kidato cha nne ni wa Kiingereza, hawa watafeli. Sijasema Kiingereza kifukuzwe. Kisomeshwe, tena kisomeshwe vizuri zaidi ya hivi, na walimu wa Kiingereza. Lakini mtu huelewa kwanza, ndipo akatafsiri. Aliyekariri bila kuelewa hana cha kutafsiri.

Nitajibiwa pia kwamba maneno hakuna. Yapo! Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Kani, nishati, mchapuko, mwendokasi, yamo yote. Kani lenyewe ni letu tangu zamani. Mtu akishikilia jambo, huambiwa ameshika kani. Maneno yapo, ila yamelala kamusini kama nguo za sikukuu sandukuni. Hayajatiwa katika sentensi, hayajatiwa katika hadithi, hayajatiwa mdomoni mwa mtu akigombana na mwenzake.

Na kutia maneno katika sentensi ni kazi ya nani, wenzangu, kama si yetu? Ya mwanafizikia? Yeye ameshamaliza yake. Ya wizara? Wizara hutoa waraka, haitoi lugha. Lugha hukomazwa na watu waandikao kila siku, wakakosea, wakasahihishwa, wakaandika tena. Sisi tunasema tunakipenda Kiswahili, tunakiandikia mashairi ya mapenzi, halafu likija swali la kwa nini rikwama hupanda mlima kwa taabu na kuteremka kwa hatari, tunamwachia Mwingereza ajibu.

Namwomba mhariri ukurasa mmoja kila toleo, uwe wa fizikia kwa Kiswahili, umeandikwa na waandishi, umepitiwa na mwalimu wa somo. Wa kwanza nitauandika mimi: hamali wa Darajani, rikwama yake, na gunia tano za mchele. Nani anachukua ngalawa na upepo? Nani anachukua mkwezi aliye juu ya mnazi, na nazi inayomponyoka?

Anayeona hili si kazi ya mwandishi, ajibu toleo lijalo. Lakini ajibu kwa hoja, na kwanza avute ndoo ishirini.