Jina Si Nakala

Wengi wetu tunaojifunza kuandika programu kwa lugha ya Python twaambiwa siku ya kwanza kwamba jina ni kama sanduku, na kila kitu hutiwa ndani yake. Mimi nasema mfano huo hautufai, na sababu yangu ni hii.

Muhula uliopita nilipewa alama za mtihani wa darasa letu nizitie katika kompyuta. Mwalimu akataka kuona mambo yangekuwaje kama kila mmoja angeongezwa alama 5 za hesabu. Nikaandika: jaribio = alama. Nikadhani sasa ninayo masanduku mawili. Nikaongeza zile 5 katika jaribio, kisha nikachapa ripoti kutoka katika alama. Loo! Mwenzetu mmoja aliyepata 37 akasomewa 42, akapigiwa makofi kwamba amefaulu. Kesho yake akaambiwa si kweli. Uso wake siku ile sitausahau.

Kompyuta haikukosa. Katika Python ishara ya = hainakili kitu, bali hukipa kitu kile kile jina la pili. Kazini mtu huitwa Juma, nyumbani huitwa Baba Asha. Ukimnyoa Juma, Baba Asha naye amekwisha kunyolewa.

Nikajisahihisha kwa kuandika jaribio = alama.copy(), lakini balaa likawa lile lile. Kila mwanafunzi alikuwa na orodha yake ndogo ndani ya ile orodha kubwa, na copy hunakili orodha ya nje tu. Zile za ndani hubaki za shirika. Ilinipasa kutumia deepcopy, inayonakili mpaka ndani kabisa.

Wako wasemao kwamba afadhali lugha yenyewe ingenakili kila kitu daima, ili tuwe salama. Sikubaliani nao. Kunakili orodha ya watu milioni kwa kila jina jipya kungekula kumbukumbu na wakati bure. Tena mara nyingi twataka kushirikiana: daftari la mahudhurio likisahihishwa na mwalimu mmoja, yafaa walimu wote waone sahihisho hilo.

Basi, masanduku na yatupwe. Tufundishwe tangu mwanzo kwamba jina ni kibandiko tu kilichofungwa kwenye kitu. Tuzoezwe pia kuiuliza kompyuta: jaribio is alama? Ikijibu True, tujue kwamba kitu ni kimoja, tusikiguse ovyo. Nanyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi hii, njoni klabuni mtuonyeshe mlivyojikwaa. Katika daftari la benki au la hospitali kosa kama langu halimalizwi kwa kuomba radhi. Mimi niliomba, na mwenzangu akanisamehe. Lakini zile alama 5 alizifurahia usiku mmoja tu.