Muhuri wa Mkaguzi Pekee Hautoshi

MWEZI uliopita alinijia mama mmoja aliyesumbuliwa na maambukizi ya mkojo. Alikuwa amemeza dawa za aina mbili bila nafuu. Maabara ikatupa jibu: bakteria aina ya E. coli, wasiotishwa na dawa tatu tunazozitegemea kila siku. Katika mazungumzo akaniambia kwamba yeye hufuga kuku wa kuuza. Wakianza kukohoa huwatilia tetrasaiklini katika maji, na wasiopona upesi huwauza kabla hawajamfia mikononi.

Siwezi kuapa kwamba maradhi yake yalitoka kwa kuku hao. Ninachojua ni kwamba dawa inapotolewa ovyo, bakteria dhaifu hufa, na wenye nguvu hubaki wakazaana ndani ya matumbo ya mnyama. Siku ya kuchinjwa, utumbo ukipasuka, bakteria hao huhamia kwenye nyama.

Wasomaji wengi huridhika wakiona muhuri wa mkaguzi. Mkaguzi ana kazi yake muhimu ya kutafuta minyoo, kifua kikuu na maini yaliyoharibika. Lakini jicho lake haliwezi kuona bakteria, sembuse kujua ni dawa gani iliyowashinda.

Jambo hili si dogo. Wataalamu walikadiria kuwa mwaka wa 2019 pekee, bakteria sugu waliua watu milioni 1.27 duniani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2017 kwamba wanyama wazima wasipewe dawa hizi ili wanenepe au kwa kuwakinga tu.

Wapo watakaolalamika kwamba nyama itapanda bei. Denmark ilikomesha dawa za kunenepesha nguruwe kufikia mwaka wa 2000, na hadi leo inauza nyama hiyo ng'ambo. Isitoshe, kitanda cha hospitali ni ghali kuliko kilo ya kuku.

Kwa hivyo serikali haina budi kuhakikisha kwamba hakuna duka linalouza antibiotiki za mifugo bila cheti cha daktari wa mifugo. Mfugaji naye angoje siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchinja. Na nyama ya buchari na ya supamaketi ipimwe mara kwa mara, kisha matokeo yatangazwe hadharani. Mnunuzi ana haki ya kujua anacholipia.

Wakati tukingoja hayo, jikoni tuna kinga. Bakteria aliyeishinda dawa hajaushinda moto. Nyama ikiiva hadi ndani, nyuzi 70 au zaidi, naye hufa. Hatari kubwa ni ubao uliokatiwa kuku mbichi, kisha ukakatiwa nyanya za kachumbari isiyopita motoni. Tenga ubao wa nyama, na unawe mikono kwa sabuni.

Mama yule alipona kwa sindano za bei ghali. Nazo zikishindwa, nitamwandikia nini?