Mlio wa Masikioni: Simu au Mshauri?



Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii naielewa vyema tangu sikio langu la kushoto lianze kutoa mlio usiokoma. Mchana, honi za bodaboda na sauti za wanafunzi huufunika. Usiku, Kibuli inapotulia, hubaki mimi na mlio wangu hadi adhana ya alfajiri iteremke kutoka msikiti wa kileleni. Hakuna mwingine anayeusikia.

Mlio huu husababishwa na mambo mengi: kelele kubwa za muda mrefu, nta iliyoziba sikio, uzee, na hata baadhi ya dawa, kama kwinini ya malaria. Ukidumu kwa miezi mingi, mara nyingi hakuna dawa ya kuuondoa. Kinachosaidia ni ushauri nasaha unaomfundisha mgonjwa kuufikiria na kuupokea mlio kwa namna nyingine, usimnyime tena usingizi na utulivu. Je, ushauri huo tuupate kwa programu ya simu, au ana kwa ana?

Simu ina hoja zake. Washauri ni wachache, nauli ni ghali, na saa nane za usiku hakuna ofisi iliyo wazi. Watafiti wa Uswidi walianza kutoa mafunzo haya kwa intaneti tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wagonjwa wakapata nafuu.

Hata hivyo, tazama Ujerumani. Tangu 2020 bima ya afya huko hulipia programu ya simu kwa ajili ya mlio wa masikioni, lakini mgonjwa huipata kwa kuandikiwa na daktari au kwa kuonyesha kwamba ugonjwa wake umethibitishwa. Daktari hutangulia, simu hufuata. Kwetu, mtu aweza kupakua programu kabla sikio lake halijatazamwa, akajifunza kuvumilia nta ambayo muuguzi angeiondoa kwa dakika chache. Tena mlio wa sikio moja, au unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, haufai kuachwa bila kuchunguzwa.

Pili, kuna lugha. Programu niliyoijaribu iliniuliza kwa Kiingereza: mlio wako ni kiasi gani, kati ya sifuri na kumi? Nikaandika saba. Mshauri niliyemwendea baadaye aliniuliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, unavuma au unalia?" Nikatafakari. Upepo huvuma, nyuki huvuma. Filimbi hulia, nyenje hulia. Nikajibu: "Unalia, kama nyenje." Akauliza tena: "Na unapolia, wewe unawaza nini?" Hapo ndipo nilipotamka hofu ambayo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba ipo siku sitawasikia wanafunzi wangu wakisoma. Ile saba isingeweza kusema hayo.

Utaniuliza: washauri hao watatoka wapi? Jibu liko hapa hapa Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wenyeji wa Masaka na Rakai, wasio madaktari, walifunzwa kuongoza vikao vya vikundi vya watu wenye sonona, na hali za watu hao zikaboreka sana. Sonona si mlio wa masikioni, lakini funzo ni moja: kusikiliza ni kazi inayofundishika. Kama raia, tuna haki ya kudai kwamba vituo vyetu vya afya viwe na watu waliofunzwa kazi hiyo.

Simu basi na iwe msaidizi wa usiku, baada ya sikio kuchunguzwa na mgonjwa kusikilizwa. Isiwe kisingizio cha kutomwajiri mshauri.

Nawe una maoni gani? Yaandike kwa aya moja, ukitumia vitenzi vuma na lia.