Aliyepokea Nauli Ndiye Amfikishe Abiria: Waraka wa Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka Bofu, hapa Likoni, ninakoshona kanzu na madera. Mteja wangu aliyeko Maskati alinilipa shilingi 14,600 kwa sarafu ya kidijitali, nikaiona imeingia kwenye pochi ya simuni. Nikaomba inibadilishie, pesa zije M-Pesa. Pochi ikaandika "imetumwa". Hii ni wiki ya sita, sijapokea hata senti.

Wenye pochi wanasema wameshamkabidhi mshirika wao wa malipo, nikamuulize yeye. Mshirika anasema mimi si mteja wake, mteja wake ni pochi. Ada wameshakata.

Matatu ikituharibikia kabla ya kufika feri, makanga ndiye anayetafuta gari jingine, akatufaulisha na kutulipia nauli. Hatuambii tukamdai fundi wa gari.

Jambo hili si geni ofisini kwako. Novemba 2015 Safaricom ilisimamisha huduma za M-Pesa kwa Lipisha, kampuni ambayo BitPesa, waliokuwa wakibadilisha bitkoini kuwa shilingi, iliitegemea kufikisha pesa kwa wateja wake. Lipisha na BitPesa wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba jaji akakataa kuamuru huduma irudishwe. Mteja aliyengojea pesa zake hakuwa upande wowote wa kesi ile. Mwezi huohuo Benki Kuu ikatoa ilani kwamba mwenye bitkoini hana kinga jukwaa likianguka. Wakati ule sheria haikuwapo.

Sasa ipo. Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ya 2025 ilianza kutumika tarehe 4 Novemba mwaka huo, na kazi ya kutoa leseni mmepewa ninyi pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Naomba leseni ya kila pochi iwe na sharti hili: aliyempokea mteja ndiye amjibu, amrudishie pesa zake, kisha akadaiane na mshirika wake huko. Na siku za kurudisha zitajwe, zionekane kabla mtu hajabonyeza "toa". Siku tatu zinatosha. Tangu 2007 M-Pesa imetuzoesha kupata ujumbe kabla simu haijarudi mfukoni.

Vitambaa vya kanzu zile nilikopa Barabara ya Biashara. Mwenye duka hamjui mshirika wa mtu. Alinijua mimi, na mimi ndiye niliyemlipa.