Ujira wa Mwalimu wa Mbulu na Hanang

Watu wengi wakiulizwa kama mwalimu wa shule ya Serikali analipwa kwa insafu akilinganishwa na mganga au afisa kilimo, hukimbilia kupima vyeti. Nao wakiona kwamba mwenye cheti huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, mwenye stashahada C na mwenye shahada D, hudhani hesabu imekwisha. Kwa rai yangu ndiyo kwanza inaanza, maana cheti hakikai katika bonde la Yaeda Chini; anayekaa huko ni mwalimu.

Mtazameni mwalimu wa darasa la kwanza katika bonde hilo la Mbulu, ama katika vijiji vya Hanang vilivyo mbali na Katesh. Mbele yake wameketi watoto waliolelewa kwa Kiiraqw, kwa Kidatoga au kwa Kihadzabe, ilhali yeye pengine ni mzaliwa wa Kagera asiyejua hata neno moja la lugha zao. Basi huinua kijiti, akakitaja, akawaitikisha, akakiweka chini, akainua jiwe, na asubuhi nzima ikapita hivyo kabla ya irabu ya kwanza kuandikwa ubaoni. Jioni madaftari humfuata nyumbani. Mganga akiitwa usiku hospitalini hulipwa posho ya kuitwa kazini, na hiyo ni haki yake wala simhusudu. Walakini usiku wa mwalimu haumo katika hesabu ya mtu yeyote.

Julai 2012 Chama cha Walimu Tanzania kiliitisha mgomo, na miongoni mwa madai yake ilikuwa posho ya asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Mahakama iliuzuia mgomo ule. Uzito wa dai haukupungua. Baadaye walimu wakuu walipewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na wakuu wa sekondari 250,000, jambo jema linalodhihirisha kwamba Hazina ikitaka huweza, ila mwalimu wa darasani hakuguswa.

Wapo wasemao kwamba walimu ni wengi mno, na kumwongezea kila mmoja kutaikausha Hazina. Hoja hiyo ina uzito, nayo ndiyo inayotulazimu tuanze na wale walio mbali zaidi. Wengine husema ualimu ni wito. Ndugu zangu, wito haulipi kodi ya chumba, na kumpa mtu sifa mahali pa haki yake ni kumdhulumu.

Enyi waheshimiwa madiwani wa Mbulu na Hanang, ushuru mnaoutoza kwenye vitunguu saumu na ngano uanze kujenga nyumba za walimu. Nanyi waheshimiwa wabunge, ishikilieni bajeti hata posho ya mazingira magumu iandikwe katika hati ya mshahara, mstari wake peke yake, ilipwe kila mwezi, isiombwe kwa barua wala kungojewa kama malimbikizo. Na mwalimu akihamishiwa mjini aiache hukohuko kijijini, imkute atakayempokea kazi.