Kuachisha dawa si kukatiza dawa

Kwa miaka mingi sisi walimu tumekuwa wapiga mbiu wa kauli moja ya afya: maliza dozi. Tumeibandika ukutani, tumeikaririsha madarasani, na redio zimeitangaza kwa Kiswahili na kwa lugha zetu za mama. Kauli hiyo ilikuwa na sababu zake, hasa kwa wagonjwa wa kifua kikuu, ambao kwa kawaida hutibiwa kwa miezi sita na ambao wakiacha njiani huweza kurudi na maradhi sugu kuliko ya awali. Hata hivyo, kuna mahali pamoja ambapo kauli hii njema imegeuka kuwa kizingiti. Mahali penyewe ni vyumba vya hospitali wanamotunzwa watoto wachanga mahututi. Mimi ni mtu wa isimu, si tabibu, na yamkini wapo watakaouliza nimefuata nini huko. Nimefuata maneno, kwa sababu naamini kwamba sehemu ya tatizo hili ni ya lugha.

Mtoto mchanga hana njia ya kueleza linalomsibu. Akiingiwa na vijasumu katika damu, dalili zake ni chache: anakataa kunyonya, anapumua kwa kasi, analegea, joto la mwili linapanda au, aghalabu, linashuka. Dalili hizo hizo huonekana kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia na ambaye mapafu yake hayajakomaa, kwa aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa aliyepungukiwa na sukari, na hata kwa aliyepigwa na baridi tu. Daktari hawezi kutofautisha kwa macho. Naye anajua kwamba maambukizi ya kweli huweza kumuua mtoto katika muda wa saa chache. Kwa hiyo anaanza sindano mara moja, kwa kawaida ampisilini au penisilini pamoja na gentamisini, kama linavyoelekeza Shirika la Afya Duniani. Sina ugomvi naye hata kidogo. Anayechelewesha dawa akingojea uhakika anacheza na roho ya mtoto.

Ugomvi wangu ni wa siku ya tatu. Kufikia wakati huo damu iliyotolewa kabla ya sindano ya kwanza imekaa maabara kwa muda wa kutosha, na kama ina vijasumu, aghalabu vimekwisha kuota. Kama hakuna kilichoota, na mtoto amechangamka, shaka iliyoanzisha dawa imepoteza nguvu. Lakini je, dawa husimamishwa? Mara nyingi haisimamishwi. Huendelea siku tano, saba, kumi.

Muuguzi mmoja niliyemfundisha Kiswahili alipokuwa shule ya upili aliwahi kuniambia, “Mwalimu, kuanza dawa ni kazi ya dakika tano. Kuiacha ni baraza la wazee.” Alikuwa akitania, lakini takwimu hazitanii. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa hospitali 127 za California nchini Marekani, uliohusu watoto wachanga zaidi ya 52,000 waliolazwa mwaka 2013. Watafiti walipima ni siku ngapi, kati ya siku zote za kulazwa, watoto walikuwa wakipewa viuavijasumu. Katika hospital moja ilikuwa asilimia 2.4 ya siku hizo. Katika nyingine asilimia 97.1. Tofauti hiyo ya mara arubaini haikuelezwa na wingi wa maambukizi yaliyothibitishwa wala wa vifo. Mtoto alipewa dawa kulingana na mazoea ya mahali alipolazwa.

Atakayesema kwamba dawa za ziada hazina dhara na arejee historia. Katika miaka ya 1950 watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wakipewa kloramfenikoli ili kuwakinga na maambukizi ambayo hayakuwa yameonekana bado. Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles walitoa matokeo ya kuwalinganisha. Miongoni mwa watoto ambao hawakupewa dawa yoyote, waliofariki walikuwa chini ya mmoja kwa watano. Miongoni mwa waliopewa kloramfenikoli, waliofariki walikuwa zaidi ya nusu. Ini la mtoto mchanga halikuwa na uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Ilijaa mwilini, ngozi ikageuka rangi ya majivu, moyo ukashindwa. Dawa iliyotolewa kwa wema na tahadhari ndiyo iliyoua. Za leo ni salama zaidi, lakini gentamisini ikizidi huweza kudhuru figo na masikio, na kila dawa ya aina hii hufagia pia vijidudu vyema vinavyoanza kufanya makao katika utumbo wa mtoto. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliwaangalia watoto wadogo mno ambao damu yao haikuotesha kitu. Waliotibiwa siku nyingi zaidi walielekea zaidi kuoza utumbo au kufariki. Uhusiano wa namna hiyo si ushahidi kamili kwamba kimoja kimesababisha kingine, lakini ni onyo la kutosha.

Kisha kuna usugu. Neno hili limenyambuliwa kutokana na sugu, ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mwenye jembe. Wengi wetu husema “mwili umezoea dawa”, na hapo ndipo lugha inapotupotosha, maana si mwili wa mtoto unaoota sugu, ni vijasumu. Vikishaota, havibaki kwa mtoto mmoja. Husafiri kwa mikono ya watu na kwa vifaa kutoka kitanda hiki hadi kile, na mtoto ambaye hajawahi kudungwa hata sindano moja huweza kupata maradhi ambayo gentamisini haiyawezi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuata watoto wachanga 3,204 walioshukiwa kuwa na maambukizi katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliothibitishwa kuwa na vijasumu kwa kipimo walikuwa chini ya mmoja kwa watano. Kijasumu kilichoongoza ni Klebsiella pneumoniae, ambacho ni hodari wa kujenga usugu. Michanganyiko ya dawa iliyotumiwa ilizidi 200. Zaidi ya mtoto mmoja kwa kila kumi alifariki.

Sasa nirejee kwenye maneno. Fikirieni yanayoandikwa katika faili. Siku ya kwanza daktari anaandika kwamba mtoto anashukiwa kuwa na maambukizi. Siku ya pili anayepokea zamu anaandika “maambukizi, siku ya pili ya dawa”. Kitenzi cha kushuku kimeanguka njiani bila mtu kukikusudia, na kilichokuwa dhana kimekuwa ugonjwa wenye jina. Ugonjwa wenye jina huhitaji dozi kamili. Kauli ya maliza dozi inaingia hapo kwa nguvu zake zote, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba kuna kitu cha kumalizwa.

Hospitali moja ya Dallas, Marekani, ilipotaka kupunguza dawa, kilichobadilishwa hasa ni maana ya kimya. Awali daktari asiposema neno, dawa iliendelea. Baada ya mageuzi, asiposema neno, agizo la dawa lilikoma lenyewe baada ya saa 48. Nimonia, na maambukizi yaliyodhaniwa bila kuthibitishwa na kipimo, yaliwekewa mpaka wa siku tano. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, matumizi ya viuavijasumu yalipungua kwa asilimia 27, na haikuonekana kwamba watoto waliathirika. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa. Walichofanya ni kuuhamisha mzigo wa kutoa sababu kutoka kwa anayeacha hadi kwa anayeendelea.

Sipendekezi tuuige utaratibu huo ulivyo. Katika hospitali zetu nyingi faili ni ya karatasi, muuguzi mmoja ana watoto wengi, na daktari huenda asifike saa 48 zinapotimia. Kukoma kwa dawa bila mtu kumtazama mtoto ni hatari kama kuendelea bila sababu. Ninalopendekeza ni jepesi: karatasi ya dawa ya mtoto mchanga iwe na nafasi iliyochapishwa ya saa 48, ambayo lazima ijazwe kwa maneno. Aidha “inaendelea kwa sababu hii”, aidha “imeachishwa kwa sababu hii”. Kimya kisikubaliwe.

Bila shaka nafasi hiyo ni bure kama hakuna maabara. Damu isipooteshwa, daktari hana cha kumpa ujasiri wa kuacha, naye hulazimika kumaliza siku zote kwa hofu. Serikali imekwisha kutoa mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu wa dawa, mmoja mwaka 2017 na mwingine mwaka 2023. Afya nayo imekuwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Magavana hupenda kuzindua majengo yenye utepe wa kukatwa. Chupa za kuoteshea damu hazina utepe, na ndiyo maana hukosekana. Wakati huo huo vifo vya watoto wachanga vilivyokuwa 22 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika takwimu za mwaka 2014 vilikuwa 21 katika takwimu za mwaka 2022. Lengo la dunia ni 12 ifikapo mwaka 2030. Sabuni, maji ya mfereji, maziwa ya mama na kumlaza mtoto kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, vingezuia mengi ya maambukizi haya kabla hata hatujaulizana kuhusu dawa, lakini hayo yamesemwa na wengi na wajuzi kuliko mimi.

Amebaki mama. Tumemfundisha kwamba matibabu ni sindano na kwamba anayeacha dawa njiani ni mkosa. Siku ya tatu anaona muuguzi akichomoa mrija mkononi mwa mwanawe. Anauliza, “Mbona mmemkatizia mtoto dawa?” Swali lake ni la haki, kwa kuwa neno tulilompa ni hilo moja. Kukatiza ni kukomesha jambo ambalo lilistahili kuendelea. Lakini Kiswahili kina kitenzi kingine ambacho mama huyu anakijua vyema: kuachisha. Mtoto huachishwa ziwa kwa wakati wake na kwa sababu, na anayemwachisha haondoki, huendelea kumlisha na kumwangalia. Mama akiambiwa, “Kipimo hakikuonyesha vijasumu katika damu, mtoto amechangamka, kwa hiyo tumemwachisha dawa na tutaendelea kumwangalia,” hatadhani ametelekezwa kwa sababu hakuwa na pesa.

Kwa hivyo naomba walimu wenzangu wa sayansi na wa Kiswahili waliongezee bango la zamani mstari mmoja: maliza dozi uliyopewa kwa ugonjwa uliothibitishwa, na mhudumu akikuachisha mwulize sababu. Wanafunzi wangu wa tafsiri nimewapa zoezi la muhula huu, nalo ni kuandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa mama ambaye mtoto wake ameachishwa dawa siku ya tatu, kwa Kiswahili kwanza, kisha kila mmoja kwa lugha ya kwao. Tayari wamegundua kwamba baadhi ya lugha zao zina neno moja tu la kuacha, na hawajakubaliana walifanyeje.